Meza za Pwani: Ngisi na Chimbuko la Ajira za Wanasayansi wa Neva

Hadi miaka ya 1950 ilikuwa nadra kuona chuo kikuu kikitangaza nafasi ya kazi kwa jina la sayansi ya neva, yaani elimu inayochunguza ubongo, uti wa mgongo na nyuzi zinazopeleka habari mwilini, au kwa jina la uhandisi tiba, yaani matumizi ya fizikia, umeme na hesabu katika kuuelewa mwili na kuutibu. Wale ambao leo huhesabiwa kuwa waasisi wa fani hizo mbili waliajiriwa kama wanafiziolojia, ambao ni wachunguzi wa utendaji kazi wa viungo, au kama wanafizikia, au kama wanazuolojia, na kila mmoja aliifanya kazi yake halisi pembezoni mwa cheo alichopewa. Atakayetaka kujua walikutana wapi hatapata jibu katika orodha za idara za vyuo, kwa kuwa mahali penyewe palikuwa ufukweni, katika vituo vichache vya utafiti wa bahari ambako watu wa fani mbalimbali walikusanyika kila msimu kumsubiri ngisi.

Kituo mashuhuri kati ya hivyo kilikuwa kile cha Napoli, Italia, kilichoanzishwa mwaka 1872 na Mjerumani Anton Dohrn, mtu aliyebuni utaratibu wa kukodisha meza. Serikali, chuo kikuu au chama cha wanasayansi kililipa ada ya mwaka, na mtafiti kiliyemteua aliposhuka Napoli alikuta meza yake tayari, pamoja na maji ya bahari yanayotiririka, kemikali, maktaba, na wanyama walioletwa wazima na wavuvi wa kituo. Kwa kijana asiye na maabara wala cheo cha kudumu, meza ile ilikuwa na thamani kuliko ahadi nyingi za maprofesa, kwa sababu ilimweka bega kwa bega na wazee wa fani yake na kumwezesha kurudi kwao na matokeo yanayoweza kuchapishwa. Mwaka 1888 vilifuata vituo viwili ambavyo habari hii haiwezi kusimuliwa bila kuvitaja, yaani Woods Hole katika jimbo la Massachusetts, Marekani, na Plymouth, kusini-magharibi mwa Uingereza. Wanahistoria wa sayansi huandika mengi kuhusu uvumbuzi na machache kuhusu meza, ingawa meza ndiyo iliyoamua nani apate nafasi ya kuvumbua.

Ngisi, ambaye kwa wakazi wa pwani ya Afrika Mashariki ni kitoweo cha kawaida, anajulikana kwa maumbile yake ya kukimbia hatari kwa kufyatua maji kwa nguvu kutoka kwenye joho la nyama linaloufunika mwili wake. Misuli ya joho hilo hupata amri kupitia nyuzi chache nene za neva, na mwaka 1936 mwanazuolojia Mwingereza J. Z. Young alieleza kwamba mirija ile, ambayo ingeweza kudhaniwa kuwa mishipa ya damu, kwa kweli ni aksoni, yaani mkia mrefu wa seli ya neva unaosafirisha ishara. Unene wake hufikia nusu milimita na hata kukaribia milimita nzima, ilhali aksoni nene za binadamu hazizidi sana sehemu mbili za mia za milimita. Kwa mara ya kwanza mtafiti alipata neva anayoweza kuitazama kwa macho matupu na, kama mkono wake hautetemeki, kuingiza kifaa ndani yake. Kasoro ya mnyama huyu ni kwamba hapatikani mwaka mzima na hufa upesi akiwekwa tangini, hivi kwamba wasomi waliomtegemea walifundisha na kuunda vyombo miezi ya baridi, kisha wakaweka matumaini yao yote katika wiki chache za kando ya bahari.

Wiki hizo zingekuwa bure kwa mtu asiyejua kutengeneza vifaa, na hapo ndipo mila ya Cambridge ilipokuwa na uzito. Keith Lucas, mwanafiziolojia wa chuo cha Trinity, alibuni mwenyewe vyombo vya kupimia neva na misuli, na alikuwa pia mkurugenzi katika kampuni ya vyombo vya kisayansi iliyoanzishwa na Horace Darwin, mwana wa Charles Darwin. Alikufa mwaka 1916 katika ajali ya ndege mbili zilizogongana angani, wakati akifanya kazi za kijeshi zilizomwingiza katika utengenezaji wa dira za ndege, na mwanafunzi wake Edgar Adrian akaiendeleza kazi yake hadi kupata Tuzo ya Nobel mwaka 1932. Katika mazingira hayo Alan Hodgkin, aliyezaliwa mwaka 1914, alichaguliwa mwaka 1936 kuwa mwanazuoni wa Trinity, nafasi ambayo humpa kijana mwenye tasnifu nzuri posho na uhuru wa kutafiti bila kumzamisha katika ufundishaji. Alikuwa na umri wa miaka 22, na hakuna aliyemtaka aseme kama yeye ni mwanabiolojia au fundi wa umeme.

Upande wa pili wa Atlantiki njia ilikuwa nyingine. Kenneth Cole, aliyezaliwa mwaka 1900, alipata shahada ya uzamivu ya fizikia katika Chuo Kikuu cha Cornell mwaka 1926, kisha akaajiriwa kufundisha fiziolojia katika shule ya tiba ya Columbia, New York, akiwa mwanafizikia kati ya madaktari. Ajira za namna hiyo zilimpa mtu mshahara lakini hazikumpa ukoo, kwa kuwa wanafizikia walimwona ameihama fani na madaktari walimwona mgeni asiyetibu. Cole alikwenda Woods Hole kila kiangazi, na mwaka 1939 yeye na Howard Curtis walitangaza kwamba ishara inapopita kwenye aksoni ya ngisi, ukinzani wa utando wake, yaani ugumu wa umeme kupenya ngozi nyembamba inayoizunguka neva, hushuka kutoka takriban omu 1,000 hadi 25 kwa kipimo cha sentimita moja ya mraba. Hodgkin, aliyekuwa Marekani mwaka 1937 na 1938 akifanya kazi katika Taasisi ya Rockefeller, alimtembelea Cole huko Woods Hole, akaona ngisi anavyopasuliwa, na akarudi nyumbani akijua mnyama wa kumtafuta.

Agosti 1939 Hodgkin alimwita Plymouth mwanafunzi wake Andrew Huxley, kijana aliyezoea tangu utotoni kuchonga vyuma kwa kerezo na ambaye aliingia Trinity akiwa na nia ya fizikia. Kazi ya kwanza aliyopewa ilikuwa ndogo, nayo ni kupima uzito wa ute uliomo ndani ya aksoni, na kwa ajili hiyo Huxley aliining'iniza aksoni wima kwenye mrija wa kioo na kudondosha humo tone la zebaki ili aone lingeshuka kwa kasi gani. Tone halikushuka. Ute wa ndani ulikuwa umegota kama uji uliolala, na jaribio lilikuwa limeshindwa, ila mpangilio ule wa wima uliwaonyesha kwamba ingewezekana kushusha ndani ya aksoni elektrodi, yaani kipitisha umeme cha kupimia, iliyokuwa mrija wa kioo wa unene wa takriban sehemu moja ya kumi ya milimita, huku kioo cha kujitazamia kikiwaonyesha kutoka ubavuni kama mrija unagusa kuta. Walipopima, waliona kwamba ishara inapopita, volteji ya utando wa neva haifiki sifuri tu, kama nadharia ya Julius Bernstein ya mwaka 1902 ilivyodai, bali hupita sifuri kwa makumi ya milivolti. Hawakuwa na nafasi ya kujua kwa nini, maana siku chache baadaye Ujerumani iliivamia Poland, na taarifa yao fupi ikatoka katika jarida la Nature mwezi Oktoba bila maelezo yoyote ya sababu.

Vita viliisimamisha kazi hiyo kwa takriban miaka sita, na husemwa kwa kawaida kwamba miaka hiyo ilipotea. Kauli hiyo ni nusu ya ukweli. Hodgkin aliitumia katika utengenezaji wa rada za ndege na Huxley katika hesabu za shabaha za mizinga. Bernard Katz, Myahudi aliyekimbia Leipzig mwaka 1935 na kupokewa London na mwanafiziolojia A. V. Hill, alikuwa afisa wa rada katika jeshi la anga la Australia. Cole alihudumu Chicago katika mradi wa bomu la atomiki, akichunguza athari za mionzi kwa viumbe. Waliporudi maabarani mwaka 1946 na 1947 walikuwa wameishi na saketi za kielektroniki za hali ya juu, na bila ujuzi huo hatua iliyofuata isingewezekana.

Hatua yenyewe ilikuwa mbinu ya kukaba volteji. Ugumu wa kuchunguza ishara ya neva ni kwamba volteji ya utando huifungulia njia mikondo ya umeme, na mikondo nayo huibadilisha volteji, kama mlango unaofunguliwa na upepo ambao mlango wenyewe umeuingiza, kiasi kwamba haijulikani kipi kimesababisha kipi. Cole na George Marmont walipata dawa mwaka 1947 huko Woods Hole, nayo ni saketi inayoishikilia volteji mahali pamoja na kupima mkondo unaohitajika kuishikilia. Hodgkin aliisikia habari hiyo kutoka kwa Cole mwenyewe alipotembelea Marekani mwaka huo, akaiboresha pamoja na Huxley na Katz kwa kuzungusha nyaya mbili za fedha kwenye kijiti cha kioo, mmoja wa kupima volteji na mwingine wa kupeleka mkondo. Misimu ya ngisi ya mwaka 1948 na 1949 ilitosha kuwapa takwimu zote. Makala tano zilizotokana nazo zilichapishwa mwaka 1952 katika Journal of Physiology, zikionyesha kwamba ioni za sodiamu, yaani chembe za chumvi zenye chaji ya umeme, huingia kwanza ndani ya neva na zile za potasiamu hutoka baadaye.

Milinganyo ambayo Hodgkin na Huxley waliiandika kuieleza mikondo hiyo ilipaswa kutatuliwa kwa kompyuta ya Cambridge, lakini mashine hiyo ilikuwa imefungwa miezi kadhaa kwa matengenezo, basi Huxley akaketi na mashine ya kukokotoa ya Brunsviga, inayoendeshwa kwa kuzungusha mkono wake wa chuma, akazidisha na kujumlisha tarakimu kwa majuma kama matatu ili kupata safari moja ya ishara. Jibu lilikuwa kasi ya mita 18.8 kwa sekunde, na kipimo cha neva halisi kilikuwa 21.2. Tuzo ya Nobel ya mwaka 1963 ilikwenda kwa Hodgkin, Huxley na mwanafiziolojia John Eccles. Kanuni huruhusu watu watatu tu, na Cole hakuwamo, jambo ambalo kwa mizani ya haki ya kitaaluma ni gumu kulitetea, hata ikikubaliwa kwamba aliyetengeneza ufunguo hakuwa wa kwanza kuufungua mlango.

Otto Schmitt wa Marekani aliishi mpakani mwa fani kwa ukaidi zaidi kuliko wote. Alipata uzamivu mwaka 1937 katika Chuo Kikuu cha Washington, St. Louis, akichanganya fizikia na zuolojia, na katika juhudi za kuiga kwa saketi tabia ya neva ya kuwaka kwa ukamilifu au kutowaka kabisa, alibuni swichi ya kielektroniki inayowaka kwenye kiwango kimoja cha volteji na kuzimika kwenye kiwango cha chini zaidi, ili isibabaishwe na mtetemo mdogo. Maelezo yake yalichapishwa mwaka 1938 wakati akiwa London kwa Hill. Chuo Kikuu cha Minnesota kilimwajiri mwaka 1939 katika zuolojia na fizikia kwa pamoja, na yeye ndiye aliyebuni neno linalotumika kimataifa kwa elimu ya kuiga maumbile katika ufundi. Kaka yake, Francis Schmitt, aliunda mwaka 1962 katika taasisi ya MIT mpango wa utafiti uliolipa umaarufu jina la sayansi ya neva.

Baada ya hapo taasisi zilikuja kwa mfululizo. Chama cha uhandisi tiba cha Marekani kilianzishwa mwaka 1968 na kile cha sayansi ya neva mwaka 1969. Mwaka 1975 ulianza mfuko ulioachwa na mhandisi tajiri Uncas Whitaker, ambao uligawa zaidi ya dola milioni 800 kuanzisha idara na kulipia wanafunzi wa uhandisi tiba, ukafungwa kwa makusudi mwaka 2006 baada ya kutumia fedha zake zote. Njia ya kazi ilinyooka, nayo ikarefuka, kwa maana Huxley aliyefika uprofesa bila shahada ya uzamivu asingepita leo hata mchujo wa kwanza, na kati ya uzamivu na ajira ya kudumu kumeongezwa kipindi cha mikataba mifupi ya utafiti ambacho kwa wengi hakina mwisho unaojulikana. Kiswahili chenyewe kimeipokea fani hii kwa mlango wa ufundi, kwa kuwa mhandisi wa vifaa tiba katika hospitali za Tanzania ni yule anayefufua mashine iliyokwama, na kwa kumbukumbu ya Lucas na Huxley maana hiyo haiko mbali na asili kama inavyodhaniwa.

Cole alihamia maabara za serikali mwaka 1949, akaongoza maabara ya biofizikia ya taasisi za afya za taifa kuanzia mwaka 1954, na mwaka 1968 akatoa kitabu kinene kuhusu utando, ioni na ishara za neva. Alifariki mwaka 1984. Swichi ya Schmitt ingali inaundwa ndani ya vipande vya silikoni vya vyombo vya kila siku, ikiitwa kwa jina lake, na wahandisi wengi wanaoichora hawajapata kusikia kwamba ilianzia kwenye neva.