Kivinjari kizito kwenye teminali nyepesi

Teminali nyepesi ni kifaa cha ofisini chenye skrini, kibodi na kipanya, lakini kazi nzito hakifanyi chenyewe. Programu zote, kivinjari kikiwemo, huendeshwa na seva moja. Teminali hupokea picha tu. Mradi wa LTSP, ulioanzishwa Marekani mwaka 1999, ulizirudisha kazini kompyuta kuukuu kwa njia hii.

Karani wa Timau, mji wa Kaunti ya Meru uliozungukwa na mashamba ya ngano na maua, hutumia tovuti za serikali za iTax na eCitizen sawa na mwenzake wa Nairobi, hata akiwa kwenye teminali kama hiyo. Ukurasa ukikwama, intaneti ndiyo hulaumiwa kwanza. Mara nyingi huonewa.

Fungua ukurasa uleule kwenye seva yenyewe. Ukifunguka upesi, kizuizi kiko njiani kuelekea teminali, na mshukiwa mkuu ni video: skrini ya nukta 1024 kwa 768, yenye baiti 3 kwa kila nukta na picha 25 kwa sekunde, isipobanwa hudai takriban megabiti 470 kila sekunde. Swichi ya megabiti 100 haiwezi kuubeba mzigo huo. Kuzuia matangazo yanayojicheza yenyewe huleta nafuu ya haraka.

Ukiwa mzito hata kwenye seva, kagua kumbukumbu. Watumiaji 10 wenye vichupo 15 kila mmoja wameilundikia mashine moja vichupo 150. RAM ikijaa, data huhamishiwa diskini na hata kishale huganda. Hapo ongeza RAM, au wekea kila mtumiaji kikomo cha vichupo.