Mavi ya Shaba

Wazee wetu walipoyaita masazo ya tanuri "mavi ya chuma", walikuwa wamekwisha kutoa hukumu: mavi hayana wa kuyataka. Lakini historia ya shaba inatufundisha kwamba hukumu hiyo ilitolewa mapema mno.

Tuanze na tanuri yenyewe. Mawe ya shaba yanapoyeyushwa kwa joto la nyuzi 1,200 za Selsiasi au zaidi, vitu hujigawa tabaka mbili. Juu huelea uji wa chuma na mchanga, na chini hutuama kile chenye shaba, maana ndicho kizito. Fundi huutoa ule uji wa juu na kuumwaga nje, ukaganda kuwa jiwe jeusi. Hayo ndiyo mavi ya shaba.

Taabu ni kwamba si matone yote ya shaba yanayowahi kufika chini. Mwaka 1851 mwanahisabati George Gabriel Stokes alionyesha kwamba mwendo wa tone linalozama hufuata mraba wa upana wake. Tone lenye upana wa sehemu moja ya kumi ya jingine huzama polepole mara 100. Basi kubwa limekwisha kutua, dogo lingali safarini, na mlango wa tanuri umefunguliwa. Uji ukiwa mzito safari inazidi kuchelewa, na vipovu vya gesi vinavyopanda huweza kulirudisha juu. Tena iko shaba inayoyeyuka kabisa ndani ya uji, kama chumvi majini. Hiyo haizami hata ukingoja mwaka.

Hasara ya asilimia moja yaonekana ndogo. Lakini kila tani ya shaba huweza kuacha tani mbili za mavi au zaidi, na haba na haba hujaza kibaba.

Watu wa kale walilijua jambo hili bila hisabati. Huko Faynan, nchini Jordan, yamekutwa mavi yaliyopondwapondwa zaidi ya miaka 4,000 iliyopita. Mafundi wa huko waliyavunja kwa mawe, wakaokota punje za shaba moja moja. Hawakuwa na shaba ya kutupa.

Tanuri kubwa za karne ya 20 zilikuwa na haraka. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga, iliyoundwa mwaka 1906, ilianza kuyeyusha shaba Lubumbashi, wakati huo ikiitwa Elisabethville, mwaka 1911. Ni nchi ile ile ambayo wahunzi wake, kabla ya Wazungu, walikalibu shaba kwa umbo la msalaba ikatumika kama fedha. Kando ya bomba refu la moshi kikainuka kilima cheusi, kikawa alama ya mji. Ndani yake mlibaki shaba, zinki na kobalti. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kilijengwa kiwanda chenye tanuri ya umeme kwa kazi moja tu: kuyeyusha tena yaliyotupwa. Kilima cha takataka kikageuka mgodi.

Ng'ambo ya mpaka, mjini Kitwe, Zambia, kipo kilima kingine cha mavi, kilichotokana na tanuri za Nkana. Watu hukiita Mlima Mweusi. Vijana wasio na kazi wamekuwa wakikichokoa kutafuta mabaki ya shaba. Tarehe 20 Juni 2018 sehemu yake iliporomoka, watu 10 wakafa.

Hapo ndipo fikra zangu zinapokwama. Tone lililoshindwa kuzama lilihesabiwa na mwenye tanuri kuwa hasara ndogo, isiyostahili kungojewa. Kungoja kuna gharama, na yeye alikuwa na shaba ya kutosha. Miaka ikapita, na mjukuu wa yule aliyesukuma magari ya mavi akaja kulitafuta tone lile lile kwa nyundo, chini ya ukingo usio na nguzo.

Kwangu mimi, neno "takataka" halielezi kitu. Linamweleza aliyekitupa, na wingi wa alivyobakiwa navyo. Tukitaka kujua nani alishiba katika karne ya shaba na nani alibaki na njaa, tusitazame misalaba iliyomo katika majumba ya makumbusho peke yake. Tuvitazame vile vilima vyeusi, tuulize nani anavipanda leo, na ana nini mkononi.