People Time

People Time ni albamu ya jazz ya mpiga saksofoni Stan Getz na mpiga piano Kenny Barron, wote kutoka nchini Marekani. Ilirekodiwa mbele ya hadhira tarehe 3 hadi 6 Machi 1991 katika klabu ya Café Montmartre mjini Copenhagen, Denmark, ikatolewa mwaka 1992 katika CD mbili. Getz hakuiona ikitoka: alifariki tarehe 6 Juni 1991, miezi mitatu kamili baada ya usiku wa mwisho wa kurekodi.

Historia

Wanamuziki hao walizaliwa katika mji mmoja, Philadelphia. Getz mwaka 1927 na Barron mwaka 1943. Getz alijulikana duniani kote kwa bossa nova, hasa kupitia albamu ya Getz/Gilberto (1964) aliyoifanya na Mbrazili João Gilberto. Miaka ya 1980 Barron alipiga piano katika kundi lake la watu wanne, na mwaka 1987 kundi hilo lilirekodi katika klabu hiyohiyo ya Montmartre. Copenhagen haikuwa ugenini kwa Getz, kwani aliwahi kuishi huko mwishoni mwa miaka ya 1950.

Muziki

Safari hii hapakuwa na besi wala ngoma. Barron alilazimika kufanya kazi ya watu watatu: mkono wa kushoto ulishika mwendo na mapigo, huku wa kulia ukijibizana na saksofoni. Mpangilio huo pia haukumpa Getz pa kujificha, naye wakati huo alikuwa akiugua saratani ya ini. Barron alieleza baadaye kwamba mwenzake aliishiwa pumzi kila alipomaliza zamu yake. Hata hivyo, katika nyimbo za kasi ugonjwa huo hausikiki kirahisi.

Albamu ina nyimbo 14, nyingi zikiwa za zamani zilizozoeleka kwa wanajazz, kama "Night and Day" ya Cole Porter. "I Remember Clifford" ya Benny Golson ilitungwa kumkumbuka mpiga tarumbeta Clifford Brown, aliyefariki akiwa kijana. "First Song", wimbo wa polepole, ni wa mpiga besi Charlie Haden, aliyeutunga kwa ajili ya mkewe Ruth. Jina la albamu linatokana na wimbo wa Benny Carter.

Baadaye rekodi za siku hizo zilitolewa kwa upana zaidi katika CD 7 kwa jina la People Time: The Complete Recordings. Humo nyimbo kadhaa zinasikika zaidi ya mara moja, kila moja jinsi ilivyopigwa usiku tofauti.