Njia za Miguu za Kivu, Tangu Misafara ya Wapagazi Hata Matembezi ya Kutazama Maumbile

Mpofi ni kijiji kilichokaa pale ambapo wilaya ya Masisi inapakana na wilaya ya Walikale, katika Kivu ya Kaskazini. Msafiri atokaye Sake kwa barabara ya Masisi na Nyabiondo huiacha nyuma yake milima iliyokatwa miti zamani na kugeuzwa malisho ya ng'ombe, na mbele yake huiona ardhi ikishuka polepole kuelekea bonde la mto Lowa, ambako msitu mkubwa wa Kongo unaanza. Mahali penye sura mbili hivi, ya majani mafupi na upepo upande mmoja, na ya miti mirefu na kivuli upande wa pili, pangestahili kuendewa na kila apendaye kutembea kwa miguu ili atazame maumbile ya Mwenyezi Mungu. Ikiwa hadi leo haijawa hivyo, sababu haimo katika ardhi, bali katika tarikhi ya njia zenyewe: ni nani aliyezipita, kwa amri ya nani, naye alikuwa amebeba nini.

Njia za kwanza zilikuwa za wenyeji, Wahunde wa milimani na Wanyanga wa msituni, nazo zilifuata migongo ya vilima, vivuko vya mito na mitego ya wawindaji. Kwa njia hizo watu waliendea mashamba ya ndizi, harusi na matanga, tena walipeleka vitu vilivyosukwa kwa nyuzi za mwale, ambavyo Wanyanga walivitumia mahali pa fedha. Utenzi mashuhuri wa Mwindo, ambao Daniel Biebuyck aliusikiliza na kuuandika mwaka 1956 kutoka kwa fanani wa Kinyanga aitwaye Shé-Karisi Rureke, nao ni habari ya safari ndefu, kwani shujaa wake hupita majini, chini ya ardhi na mbinguni kabla ya kurudi kwao akiwa amepata hekima ya kutawala. Dhahiri, basi, watu wa nchi hii hawakungoja mgeni aje kuwafundisha kwamba safari humkomaza mtu.

Katika karne ya 19 zilifika njia za namna nyingine. Wafanyabiashara Waarabu na Waswahili, wakiwa na maskani yao Nyangwe na Kasongo, walisukuma misafara yao kaskazini kufuata mto Lualaba wakitafuta pembe za ndovu na watumwa, na pamoja na msiba huo lugha ya Kiswahili ikaingia na kukaa hata ikawa ya wenyeji. Desemba 1893 Mjerumani Gustav Adolf von Götzen aliondoka Pangani na msafara wake, akapita Rwanda, na mwezi wa Juni 1894 akapanda mlima Nyiragongo na kuchungulia shimo lake. Kisha aliikabili misitu iliyo magharibi ya ziwa Kivu, hata akatokea Kirundu kwenye mto Kongo mwezi wa Septemba. Vitabu humtaja yeye kuwa Mzungu wa kwanza kukipanda kilele kile. Walakini mahema, vyakula na silaha vilikwenda juu ya vichwa vya wapagazi, nao ndio waliozipima njia hizo kwa nyayo zao.

Baada ya Wabelgiji kushika nchi, njia ziligawanyika mafungu mawili. Fungu la kwanza lilikuwa la kazi: wanaume walilazimishwa kuchimba barabara, na vijiji vingi vilihamishwa kutoka vilimani vikapangwa kando ya barabara hizo, ili kuhesabu watu na kutoza kodi kuwe kwepesi. Fungu la pili lilikuwa la kutazama. Mfalme Albert wa Ubelgiji, aliyependa mno kupanda milima, alishawishiwa na Mmarekani Carl Akeley kuwahifadhi masokwe wa volkano, na tarehe 21 Aprili 1925 ikatolewa amri ya kuanzisha mbuga iliyopewa jina la mfalme huyo, ya kwanza ya taifa katika Afrika. Akeley alirudi mwaka uliofuata, akafariki Novemba 1926 kwenye miteremko ya mlima Mikeno, akazikwa huko huko. Mfalme naye alianguka kwenye majabali ya kwao mwaka 1934 akafa.

Huko kwenye milima ya Ruwenzori, ambako Duke wa Abruzzi alikwisha kufika kilele cha Margherita, chenye urefu wa mita 5,109, mwaka 1906, Wabelgiji waliipima njia ya upande wa Kongo katika msafara wa mwaka 1932, na vibanda vya kulala vikajengwa juu ya Mutwanga. Uzuri wa njia hizo haukanushiki. Ila wenyeji waliokuwa wakiishi, kuvua na kuwinda ndani ya mipaka mipya waliondolewa, na aliyebaki kupanda mlima aghalabu alikuwa mbeba mizigo. Toka hapo kutembea kwa ajili ya kutazama kukawa ni jambo la mgeni, na kutembea kwa ajili ya kuishi kukawa ni jambo la mwenyeji.

Uhuru haukuuvunja mgawanyo huo. Mbuga ya Albert ikawa Virunga mwaka 1969. Mwaka 1970 Mbelgiji Adrien Deschryver akaongoza kuanzishwa kwa mbuga ya Kahuzi-Biega, na mwaka 1975 ikapanuliwa hata ikaingia misitu ya Walikale, Wabatwa wakifukuzwa katika makao ya mababu zao. Wageni walikuja, wakapanda mlima Kahuzi na kuwafuata masokwe kwa miguu. Halafu ukaja mwaka 1994, mamia ya maelfu ya wakimbizi kutoka Rwanda wakapiga kambi ukingoni mwa Virunga, na tangu hapo amani ya Kivu imekuwa ya vipindi. Njia ya Nyiragongo, inayoanzia Kibati na kupanda hadi mita 3,470, ilifunguliwa na kufungwa mara kadhaa: Mei 2018 mlinzi aliuawa na watalii wakatekwa nyara, mbuga ikafungwa hata Februari 2019, na tarehe 22 Mei 2021 mlima wenyewe ukapasuka. Januari 2025 waasi wa M23 wakautwaa mji wa Goma, na mwezi wa Machi vita vikafika mji wa Walikale.

Katika miaka hiyo njia za upande wa Mpofi hazikukosa watu. Zilipitwa na waliokimbia risasi wakiwa na watoto mgongoni na magodoro kichwani. Ndani zaidi, huko Bisie, ambako madini ya bati yalivumbuliwa mapema katika miaka ya 2000, vijana walibeba magunia ya kilo 50 kwa mwendo wa siku mbili msituni hadi barabarani. Hakuna watembezi hodari kuliko hao, wala hakuna waliopewa nafasi ndogo kuliko wao ya kusimama na kutazama.

Kwa hivyo, rai yetu ni kwamba siku amani itakapokaa, lisitangulie swali la idadi ya dola atakazoleta mtalii. Litangulie swali la ni nani mwenye njia. Mfano upo karibu: mwaka 1998 watawala wa jadi wa Lubero waliianzisha wenyewe hifadhi ya Tayna ili kuwalinda masokwe katika ardhi yao, na serikali ikaitambua mwaka 2006. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Na mwenyeji hawezi kupona kwa njia asiyoruhusiwa kuipita ila akiwa na mzigo wa mtu mwingine. Wazee wa Kihunde na Kinyanga wanaojua majina ya mito na miti wawe ndio walimu wa waongozaji, na wanafunzi wa Masisi na Walikale wawe ndio wageni wa kwanza, wapande vilima vyao bila mzigo na bila hofu. Njia itakayofunguliwa kwa mtindo huo itakuwa na walinzi wengi kuliko askari wote wa mbuga, kwa maana kila aliyeipita akiwa mtoto atakuwa na haki ndani yake.