Mistari Minane ya Uraia

Katiba ya Uhuru, kwa ufupi, ilisema: kama ulizaliwa Kenya, na baba au mama yako pia alizaliwa Kenya, basi 12 Desemba 1963 wewe ni Mkenya. Chora jedwali la ukweli. Kauli tatu, mistari minane, na mitatu tu inatoa "kweli". "Au" ina upole, mzazi mmoja anatosha. "Na" haina huruma.

Sasa chukua mzee wa Kotile aliyezaliwa malishoni, wazazi wake vilevile. Yuko mstari wa kwanza, kweli tupu. Lakini 1989 serikali iliwapiga msasa Wakenya Wasomali, wao peke yao, waliopita wakapewa kadi ya pinki. Swali likawa jingine: karatasi iko wapi? Malishoni nani alikuwa anaandika vyeti?