Bolti za keria na madigadi ya baiskeli

Bolti za keria na madigadi ni bolti fupi zinazofunga keria ya mizigo na madigadi kwenye fremu na uma wa baiskeli. Katika baiskeli nyingi za sasa ni za M5, yaani zenye unene wa milimita 5 na hesi zinazoachana kwa milimita 0.8. Baadhi ya fremu za safari ndefu na mizigo mizito zina matundu ya M6, ambayo hesi zake huachana kwa milimita 1. Ni vyuma vidogo vya bei ndogo, lakini vikichaguliwa ovyo mzigo hudondoka njiani, au madigadi ya mbele hunasa kwenye tairi na kumrusha mwendeshaji.

Jinsi bolti inavyobeba

Bolti iliyokazwa vizuri huugandamiza mguu wa keria kwenye fremu, na msuguano wa nyuso hizo mbili ndio unaoshikilia mzigo. Bolti ya M5 ya daraja la 8.8 hustahimili mvuto wa zaidi ya tani moja kabla ya kukatika, ilhali kikomo kinachoandikwa kwenye keria nyingi ni kilo 25. Kwa hiyo bolti ikikatika, mara nyingi si uzito ulioishinda. Ililegea kwanza. Mguu wa keria ukaanza kucheza, kila shimo la barabara likaipinda bolti kidogo, hadi ufa ukatokea pale inapoingia kwenye fremu. Kununua bolti ngumu zaidi bila kuzuia kulegea hakutibu ugonjwa huu.

Kwa sababu hiyo, mguu wa keria hutakiwa kulala moja kwa moja kwenye fremu. Washa zikirundikwa katikati, mguu husogea mbali na fremu na bolti hupindika kwa urahisi zaidi. Keria na madigadi zikilazimika kutumia tundu moja, keria hukaa ndani, karibu na fremu, na waya wa madigadi hukaa nje.

Kipimo na urefu

Bolti sahihi huingia kwa vidole mizunguko kadhaa kabla ya kuhitaji spana. Ikigoma mwanzoni, isilazimishwe, hasa kwenye fremu ya alumini, kwa kuwa hesi zake hufa upesi. Kuingia kwa urahisi nako hakutoshi kuwa ushahidi: bolti ya Kimarekani ya namba 10 yenye hesi 32 kwa inchi huingia kwenye tundu la M5, lakini ni nyembamba kidogo na haishiki sawasawa.

Urefu hupatikana kwa kujumlisha unene wa mguu wa keria, washa na sehemu inayoingia kwenye hesi. Kwa M5, sehemu hiyo isipungue milimita 5 kwenye chuma na takriban milimita 7 au 8 kwenye alumini, ikiwa tundu lina kina hicho. Mguu wa milimita 5, washa ya milimita 1 na tundu lenye kina cha milimita 6 huhitaji bolti ya milimita 12. Upande wa kulia, ncha ya bolti isitokeze ndani hata kidogo ikiwa inaweza kugusa cheni au friwili. Upande wa kushoto, ncha inaweza kutokeza na kufungwa nati ya ziada.

Aina ya chuma na kichwa

Namba 8.8 juu ya kichwa cha bolti ina maana: 8 ya kwanza ni nguvu ya mvuto ya nyutoni 800 kwa kila milimita ya mraba, na ya pili huonyesha kwamba bolti huanza kurefuka bila kurudi ikifika asilimia 80 ya nguvu hiyo. Bolti isiyoshika kutu yenye alama A2-70 ina nguvu ya nyutoni 700 kwa kila milimita ya mraba. Iko chini kidogo, lakini hustahimili mvua na tope, na kwa keria ya kawaida inatosha. Penye hewa ya chumvi ya pwani, A4 hudumu zaidi. Bolti hizi zikiingia kwenye alumini zipakwe grisi, vinginevyo metali hizo mbili hulana na kugandamana.

Bolti ya M5 yenye kichwa cha pembe sita hufunguliwa kwa spana namba 8, inayopatikana kwa mafundi wengi. Yenye kichwa cha mviringo kilicho bapa hutumia spana ya L ya milimita 3, na tundu lake huliwa mapema. Kwa msafiri wa mbali, kichwa cha pembe sita ndicho salama.

Kuzuia kulegea

Penye nafasi ya nati, nati yenye pete ya nailoni ndiyo bora. Pasipo na nafasi, gundi ya hesi ya nguvu ya kati husaidia, nayo hukubali kufunguliwa baadaye. Madigadi ni mepesi lakini hutetemeka sana, kwa hiyo huhitaji washa pana ili bati au plastiki isichanike. Bolti zote zikaguliwe baada ya safari ya kwanza yenye mzigo, kisha mara kwa mara.

Baiskeli zisizo na matundu

Baiskeli nyingi nyeusi za Afrika Mashariki, kama Raleigh za zamani, Hero na Phoenix, hufunga miguu ya keria kwenye ekseli ya nyuma, chini ya nati za gurudumu. Hapo ekseli hufanya kazi ya bolti, nayo ni nene karibu mara mbili ya M5. Muundo huo ndio uliowabeba abiria wa bodaboda, ambazo zilianza kama baiskeli huko Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda. Ekseli ya nyuma ya Raleigh za zamani ni ya inchi 3/8 yenye hesi 26 kwa inchi. Nati ya M10 inaweza kuingia humo ikiwa imelegea, lakini ikikazwa huua hesi. Nati mbadala inapaswa kuwa ya kipimo kilekile cha ekseli.