Njia ya Kuzunguka Uluru

Mwamba ulio mbele yako ni mchanga uliosombwa na maji kutoka milimani miaka milioni 550 hivi iliyopita, ukashindiliwa hadi ukawa jiwe. Unainuka mita 348 juu ya jangwa hili la katikati ya Australia. Wekundu wake ni kutu ya chuma kilichomo. Ndani jiwe ni la kijivu.

Wenye mahali hapa ni Waanangu. Tjukurpa, yaani sheria, imani na simulizi zao, imeandikwa katika mwamba wenyewe. Ukifika kwenye dimbwi la Mutitjulu, tazama juu: nyufa mbili ni alama za mapigo ya Kuniya, chatu jike, aliyemwadhibu shujaa wa Liru, nyoka wa sumu, kwa kumuua mpwa wake. Karibu na hapo lipo pango lenye michoro ya wazee waliofundishia watoto humo.

Ardhi hii walirudishiwa tarehe 26 Oktoba 1985. Tangu 26 Oktoba 2019 kuupanda mwamba ni marufuku, na ni haki. Kuuzunguka ndiko kuujua.

Njia ina kilomita 10.6, tambarare, yapata saa tatu na nusu kwa miguu. Baiskeli zinaruhusiwa, wapishe watembeao. Wakati wa joto, maliza kabla ya saa tano asubuhi. Beba maji ya kutosha. Penye kibao cha kukataza picha, tafadhali usipige: ni mahali patakatifu.